Vigong'ota wa jangwani kwenye picha tano: yupi ni yupi?

Waalaykum salaam dada yangu. Picha zote tano zimefika na nimekaa nazo vizuri, mana hawa ndege nnawapenda kweli, nilisoma huko huko Tucson kabla sijarudi Unguja kutembeza watu wa ndege Jozani na Masingini, kwa hivyo umeniuliza kitu ambacho naweza kukieleza usiku kucha. Kwa faida ya wengine watakaosoma: dada yuko Wete, mdogo wake yuko Arizona, Marekani, pembezoni mwa Tucson, nyumba imezungukwa na yale madungusi marefu ya saguaro, na toka Disemba anatuma picha za vigong'ota kwenye grupu la WhatsApp la familia. Mjomba wao ashatoa hukumu kwamba wote ni ndege mmoja, mwenye nyekundu kichwani dume, asokuwa nayo jike, na wale wa rangi ya udongo ni makinda. Dada hajaridhika, anataka kujua wako wangapi hasa na mtu anawatafautisha vipi, na pia kama ni kweli wanayaua yale madungusi, mana mwenye nyumba anataka kuyaziba matundu yote.

Jibu la haraka: wako wanne. Picha ya kwanza na ya tano ni ndege mmoja, dume na jike, hapo mjomba kapatia. Ya pili ni mwengine kabisa ingawa mgongo unafanana. Ya tatu mwengine. Ya nne inafanana na ya tatu kiasi kwamba hata watu wazoefu wanabishana, lakini nayo ni ndege mwengine.

Kilichomkosesha mjomba ndo kinachowakosesha watu karibu wote, nacho ni ile nyekundu. Jicho la binadamu likiona nyekundu linakimbilia hapo na linasahau kuangalia kwengine. Sasa kwa hawa vigong'ota nyekundu kazi yake kubwa ni kukwambia dume au jike, haikwambii kigong'ota gani. Hawa wanne kwenye picha zako, madume yao wote wana nyekundu kichwani na majike yao wakubwa wote hawana, kwa hivyo ukianza na nyekundu unawatia madume wa aina nne fungu moja na majike wa aina nne fungu jengine, afu unakaa unashangaa kwa nini jike mmoja mdogo na mwengine mkubwa. Anza na mgongo, nenda usoni, afu akiruka angalia nyeupe iko wapi. Nyekundu iwe ya mwisho, na hata ukifika hapo usiulize ipo au haipo, uliza imekaa wapi, utosini au shavuni.

Ntawaita kwa majina mepesi ya Kiswahili ili tuelewane, na la kisayansi ntaliandika mara moja tu mdogo wako apate kuwatafuta.

Wa picha ya kwanza ni kigong'ota wa Gila, Melanerpes uropygialis, kaitwa kwa mto Gila unaopita Arizona. Ndo utakaemuona sana Tucson, mjini, majumbani, kwenye maegesho ya magari, popote penye saguaro au mti mkubwa. Urefu wake sentimita 22 mpaka 25. Mgongo na mbawa ni michirizi myeusi na myeupe ya kukingama, myembamba, imepangika mpaka inapendeza, na hiyo michirizi inaendelea mpaka kiunoni na mpaka manyoya ya katikati ya mkia. Lakini kichwa, shingo na kifua ni rangi moja tu, hudhurungi iliyopauka yenye ukijivu, hakuna mstari wala doa. Hilo ndo la kushika: mgongo una michirizi, uso mtupu. Dume ana kiduara chekundu juu ya utosi, kidogo tu, na kwenye picha ya kwanza kinaonekana wazi. Picha ya tano, huyo alokuja kwenye kichupa cha maji ya sukari kilotundikwa kwa ajili ya ndege wavumaji, ni jike wa Gila, mgongo ule ule, uso mtupu ule ule, utosi hauna kitu. Wala usishangae kigong'ota kunywa sukari, huyu hachagui, anakula wadudu, anakula matunda ya saguaro yakiiva Juni na Julai, anakula tunda za kirukia kinachoota juu ya miti ya huko, na saguaro likichanua anatia kichwa kizima ndani ya ua kunywa mbochi anatoka uso umejaa unga wa manjano. Hapo ndo wanaoanza wanachanganyikiwa, mana anakuwa na kichwa cha manjano ambacho hakimo kitabuni.

Akiruka Gila anaonyesha kipande cheupe kwenye kila bawa, karibu na ncha. Kikumbuke hicho, tutakirudia.

Picha ya pili ndo ilonifurahisha zaidi, kwa sababu mjomba kasema jike wa yule wa kwanza na mtu anaona kwa nini, michirizi mgongoni ipo, nyekundu hamna. Lakini hebu angalia uso, dada. Ule wa kwanza uso mtupu, huu una mistari meusi, mmoja unatoka jichoni kwenda nyuma, mwengine unatoka mdomoni unashuka chini ya shavu, afu inakutana huko nyuma ikawa shavu jeupe limezungushiwa fremu nyeusi. Gila hawi hivyo hata siku moja, awe dume, jike au kinda. Huyu ni kigong'ota mgongo-ngazi, Dryobates scalaris, vitabu vilotoka kabla ya 2018 utamkuta chini ya Picoides, ndege ni yule yule ila wataalamu wamemhamisha ukoo. Ni mdogo, sentimita 16 mpaka 19, uzito wake wengi hawafiki gramu 40, na mdomo wake mfupi. Mbawa zake zikifungwa zina madoa meupe, na ubavuni ana vidoadoa vyeusi juu ya weupe uliochafuka kidogo, wakati Gila ubavu wake hauna doa.

Ukubwa kwenye picha unadanganya, hilo najua, picha haina rula. Ndo mana nakwambia uso. Lakini kama unaona alichokalia inasaidia, hapa kakaa kwenye tawi la mesquite, ule mti wa miba wa jamii ya mikunde, na tawi lenyewe jembamba, Gila anaweza kutua hapo ila hakai akalipekua kijiti kwa kijiti namna hiyo. Mgongo-ngazi ndo maisha yake, mesquite, vijiti vya maua vilokauka vya jamii ya mkonge, vichaka, anagonga polepole anatafuta mabuu. Na hata tundu lake la kutagia anaweza kulichimba kwenye kijiti kama hicho kisichoweza kumbeba ndege mkubwa.

Jike ana utosi mweusi, kama huyu wa picha yako. Dume utosi wake mwekundu kuanzia mbele mpaka kisogoni, na ule wekundu wa mbele umechanganyika na vidoa vyeusi na vyeupe. Na hapa kuna jambo linalothibitisha maneno yangu ya mwanzo, makinda wa mgongo-ngazi wakitoka tunduni wakati wa joto, wa kike na wa kiume, wanakuwa na wekundu utosini. Kwa hivyo Juni mdogo wako anaweza kuona mwenye nyekundu akaandika dume, kumbe kinda wa kike. Uso unabaki ule ule.

(Akisafiri California upande wa pwani kwenye misitu ya mialoni, huko kuna ndugu yake anaitwa Nuttall, Dryobates nuttallii, na hao wawili ndo mtihani hasa. Nuttall ana weusi mtupu mpana hapo chini ya shingo kabla michirizi haijaanza, uso wake una weusi mwingi zaidi, na dume nyekundu yake iko nyuma ya utosi tu, mbele mweusi. Kwenye kingo za jangwa wanapokutana wanaoana. Tucson hayupo, kwa hivyo asijisumbue naye.)

Sasa tuje kwenye picha ya tatu na ya nne. Hapa ntakaa kidogo, mana hapa ndo penye kazi.

Hao wa rangi ya udongo si makinda wa mtu. Ni vigong'ota wa kundi jengine wanaitwa flika, ukoo wa Colaptes, na flika utamjua mbali kwa tabia kabla hujaona rangi, kwa sababu anashuka chini. Vigong'ota wengi maisha yao ni kwenye shina, flika anatembea ardhini anatoboa mchanga kwa mdomo wake mrefu ulopinda kidogo, anatoa ulimi anakula sisimizi, sisimizi ndo chakula chake kikubwa. Mdogo wako kampiga picha ya tatu akiwa kasimama mchangani baina ya mawe, kwa hilo peke yake mie nishasema flika. Afu ukithibitisha: mgongo hudhurungi wenye michirizi myembamba, kifuani doa kubwa jeusi, tumbo jeupe-jeupe lenye madoa meusi, na akiruka kiuno cheupe kinang'aa. Dume nyekundu yake haiko utosini, iko shavuni, inatoka pembe ya mdomo kushuka chini, masharubu mekundu.

Hapo utakuta jambo zuri la kukumbuka ndege akikukimbia na huoni uso: nyeupe iko kwenye mbawa ni Gila, nyeupe iko kiunoni ni flika, hamna nyeupe yoyote inayoruka machoni na ndege mdogo, ni mgongo-ngazi. Kwa jangwa la Tucson hiyo inakutoa kwenye shida mara nyingi sana.

Flika wenyewe huko wako wawili. Flika wa dhahabu, Colaptes chrysoides, huyu ni mwana wa jangwa, anaishi na saguaro mwaka mzima, Arizona ya kusini, Sonora na Baja California kule Mexico, na wachache walobaki California karibu na mto Colorado. Na flika wa kaskazini, Colaptes auratus, aloenea karibu Amerika ya Kaskazini yote, na wale wa upande wa magharibi wanaitwa wenye vijiti vyekundu, yaani vile vijiti vya katikati ya manyoya. Mpaka 1995 wote walikuwa wanahesabiwa ndege mmoja, ndo wakatenganishwa, kwa hivyo kama mjomba ana kitabu cha zamani atakuta jina moja tu na si kosa lake.

Tafauti kubwa imefichwa chini ya bawa. Flika akitulia unaona hudhurungi tu, akifungua mbawa ndo unaona rangi ya ndani, kama joho ambalo bitana yake ina rangi kali kuliko kitambaa cha nje. Wa dhahabu bitana yake ni manjano, na chini ya mkia pia manjano. Wa kaskazini wa magharibi ni nyekundu ya kupauka, inaelekea waridi. Picha ya nne ndege yuko hewani na ndani ya bawa ni waridi kabisa, huyo ni wa kaskazini, halina ubishi.

Ila tahadhari, picha ikipigwa jua linazama kila kitu kinakuwa cha dhahabu, nishaona watu wakiapa wameona manjano kumbe ni mwanga wa magharibi. Yako ya nne kivuli kiko chini ya ndege, jua liko juu, ndo mana nnaiamini.

Ya tatu mbawa zimefungwa, mtu atasema haiwezekani kujua. Inawezekana. Kwanza utosi. Wa dhahabu utosi wake wote ni rangi ya mdalasini, kutoka juu ya mdomo mpaka kisogoni, na uso chini yake kijivu, zinaachana vizuri. Wa kaskazini ana kahawia mbele ya paji tu afu inazimika ikawa kijivu-kahawia kuelekea nyuma. Wa picha yako utosi umekolea mpaka kisogoni. Pili doa la kifuani, wa dhahabu doa lake nene na fupi, wa kaskazini ni jembamba limepinda, la picha yako nene. Tatu mgongo, wa dhahabu ana rangi iliyopauka zaidi na michirizi myembamba ilotawanyika, wa kaskazini michirizi minene zaidi. Na ukivuta picha ukaangalia ukingo wa bawa lililofungwa utaona vistari vyembamba vya manjano, hivyo ni vijiti vya manyoya, bitana inachungulia nje. Hivyo vinne vyote vinakubaliana. Flika wa dhahabu, na masharubu mekundu yapo, kwa hivyo dume. Angekuwa anaonekana chini ya mkia ningekutajia na la tano, weusi wa ncha ya mkia kwa chini unachukua karibu nusu ya mkia kwa wa dhahabu, kwa wa kaskazini ni kidogo kuliko hapo.

Usimuamini mtu akikwambia dalili moja inatosha kwa flika. Nnasema hivi kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza, upande wa mashariki wa Marekani kuna flika wa kaskazini wenye vijiti vya manjano, na mmoja mmoja wakati wa baridi anafika Arizona. Bitana yake manjano kama wa dhahabu. Lakini huyo uso wake ni hudhurungi na utosi wake kijivu, yaani kinyume, ana alama nyekundu kisogoni ambayo wa dhahabu hana, na masharubu ya dume ni meusi. La pili, wa dhahabu na wa kaskazini mwekundu wanaoana sehemu za katikati, kwenye mito yenye miti mikubwa pembezoni, kama mto Verde, na watoto wao wanachanganya, bitana inatoka rangi ya chungwa, utosi nusu huku nusu huku. Ukikutana na ndege dalili zake zinagombana zenyewe kwa zenyewe, andika flika basi, huo ni uaminifu.

Na kuna kitu ambacho wewe mtu wa Pemba unakijua bila kufundishwa, kwamba mahali ni nusu ya jibu. Ukiwa Ngezi ukaona ninga huhitaji kupekua kitabu, ninga wa Pemba hayupo kwengine duniani isipokuwa kisiwani kwenu na vijisiwa vyake, na huyo huyo mtu akikwambia kamuona Dodoma unajua kakosea kabla hajamaliza sentensi. Jangwani ni hivyo hivyo ila unaongeza na mwezi. Flika wa kaskazini wanatagia milimani kwenye ubaridi, juu ya Tucson kuna mlima Lemmon wenye mita 2,791, huko wako, na baridi ikiingia baadhi yao na wengine wa kaskazini zaidi wanashuka bondeni. Kwa hivyo picha ya Julai ya flika kwenye saguaro chini bondeni karibu utasema wa dhahabu ukiwa umefumba macho, lakini hizi zako ni za Disemba na Januari, wakati wote wawili wapo pamoja, ndo mana mdogo wako kawapata mtaa mmoja. Mwambie kila picha aandike mwezi na mahali, bila hivyo kazi inakuwa ngumu mara mbili.

Akipanda huko Lemmon kwenyewe atakuta vigong'ota wengine wa mialoni na misonobari, mmoja wa Arizona mwenye mgongo wa kahawia mtupu usio na mchirizi, mmoja mweusi anayepachika mbegu za mialoni kwenye vitundu vya mti, hao hawachanganyiki na hawa wa jangwani kwa hivyo siwaelezi leo.

Sauti inasaidia lakini si kwa kila mmoja. Gila anapiga kelele, ana mlio wa kukoroma "chrrr" unaovingirika, na mwengine mkali wa kurudia anapogombana, na anagombana sana, na ndege wenzake, na paka, na kila kitu. Mgongo-ngazi anatoa "pik" moja kali, au mlio wa haraka unaoshuka mwishoni. Flika wote wawili wanatoa "wik wik wik" mrefu na mwengine mmoja wa juu "kliii", na kwa sikio la kawaida hawatafautiki, usihangaike nao kwa sauti. Lile suala la kugonga kiyoyozi cha chuma alfajiri alolalamikia mdogo wako, huyo ni Gila karibu hakika, hatafuti wadudu pale, anatangaza eneo lake na chuma kinampa sauti kubwa kuliko mti. Inazidi kuanzia mwisho wa baridi mpaka wanapotaga, na itatulia.

Sasa matundu. Hili nnaliandika kwa moyo mmoja dada, mfikishie mwenye nyumba: asizibe.

Saguaro si mti wa kawaida, ndani ni nyama laini ya kuhifadhia maji na katikati kuna mbavu za mti zilosimama wima zinazolibeba. Linakua polepole sana, linaweza kuishi zaidi ya miaka 150 na kupita mita 12. Gila akichimba anachimba kwenye ile nyama, tundu lake kwa kawaida linakaa nje ya mbavu, na dungusi lenyewe linajitibu, utomvu wake unakauka ukawa ganda gumu linalozunguka tundu lote ndani, maji hayatoki tena wala ugonjwa hauingii kirahisi. Kukauka huko kunachukua miezi, ndo mana ndege anachimba mwaka huu akaja kutagia mwaka unaofuata. Saguaro likifa na nyama ikaoza lile ganda linabaki chini zima, mdogo wako akitembea jangwani atayaona. Flika wa dhahabu kidogo ni tafauti, yeye mwili mkubwa anataka tundu kubwa, anachimba juu karibu na kilele ambako mbavu ni nyembamba, na mara nyengine anazikata, kwa hivyo kilele kinaweza kudhoofika. Lakini hilo ni jambo la madungusi na ndege hao toka zama na zama, na saguaro lenye tundu la flika bado linachanua na kuzaa.

Na anaezibiwa si kigong'ota tu. Vigong'ota wanahama tundu, na wao wakitoka wanaingia wengine wasoweza kuchimba, bundi mdogo kuliko wote wa Amerika, Micrathene whitneyi, ambaye mwili wake wote hauzidi sentimita 15, mbayuwayu wakubwa wa zambarau, ndege wa kukamata nzi, wote wanategemea nyumba zilochimbwa na hawa wawili. Ukiziba tundu moja umewafukuza ukoo mzima. Na kisheria pia ajihadhari, Marekani ina sheria ya ndege wanaohama ya 1918 inayowalinda hawa wote, kuziba tundu lenye mayai au makinda ni kosa. Hata unyoya ulodondoka haruhusiwi kuuweka nyumbani, kwa hivyo mdogo wako akiokota unyoya wa flika wenye kijiti cha manjano, aupige picha mbele na nyuma auache pale pale.

Kama mwenye nyumba kweli anayaonea huruma madungusi yake, adui yuko chini yake, si juu. Kuna nyasi ya kwetu Afrika, Cenchrus ciliaris, ilopelekwa kule kwa malisho ya ng'ombe, sasa imetambaa jangwa la Sonora inajaza nafasi zilokuwa wazi baina ya mimea. Ikikauka inashika moto, na saguaro halikuzoea moto, linakufa. Na saguaro likifa flika wa dhahabu hana pa kwenda, yeye kajifunga na hilo dungusi kuliko wenzake wote, Gila anaweza kuhamia miti ya mjini, mgongo-ngazi anajitosheleza na vichaka. Nyasi hiyo inang'oleka kwa mkono na jembe, wakazi wengi wa Tucson wanajitolea kuing'oa, na uwanja wa nyumba moja ni kazi ya mtu mmoja.

Kwa picha zijazo, mwambie asikazane kupiga usoni tu kama anapiga pasipoti. Apige mgongo, apige ubavu, na hasa apige ndege anapoondoka, mana kuondoka kwake ndo kunafungua kila kitu. Simu inatosha, akiiweka kwenye jicho la darubini inavuta vizuri. Akimuona flika chini mchangani aanze video mapema, asimsogelee, amngoje aruke mwenyewe, na aitume nzima bila kuikata, mana ni fremu mbili tatu tu zitakazoonyesha kiuno na chini ya bawa, na mie ntazitafuta.